Maji ya Kufuta Elimu Isiyonufaisha

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na tano na bado nasoma, lakini kazi ni kazi, na mtu aliyeifanya mpaka kucha zikabadilika rangi ana haki ya kukaa chini na kuwaeleza wanaomfuata. Kazi yangu ilikuwa kuosha mbao za chuo cha Kurani cha Maalim Shomari, hapo Mpanda, karibu na reli. Niliianza nikiwa darasa la pili na nimeiacha juzi tu, nilipopanda treni kwenda shule ya kati. Haya nayaandika kwa ajili ya Juma aliyerithi beseni langu, na wengine watakaolishika baada yake. Habari za mshahara nitaziruka kwa kuwa haukuwepo. Kupandishwa, nilipandishwa mara moja, juu ya mpapai, kumshusha kuku wa jirani.

Ubao mnaujua, lakini nitaueleza kwa ajili ya yule atakayeziokota karatasi hizi njiani. Ni kipande cha mninga kilichochongwa kikaachiwa mkono wa kushikia. Mtoto anaandikiwa somo lake kwa wino wa masizi, analisoma kwa sauti huku akiyumba, na siku akilihifadhi, ubao unakuja kwa mwosha. Mwosha anaufuta, anaupaka udongo mweupe, anauanika, kesho unaandikwa tena. Ndiyo kusema kila herufi iliyoingia kichwani mwa mtoto pale chuoni ilipita mikononi mwangu ikitoka. Walimu wanaiona elimu ikiingia. Mimi niliiona ikienda na maji.

Nilipewa kazi hii kama adhabu. Maalim Shomari alikuja na watu wa reli, kwao ni Ujiji. Asubuhi ni fundi cherehani kwenye baraza la duka, alasiri, king'ora cha mgodi kikishalia na sisi tukishatoka shule, anatusomesha kwenye ua wa nyumba yake. Ana chafya moja ya ajabu: inaanza kama mtu anayeuliza swali na inaishia kama mlango uliopigwa na upepo. Siku hiyo niliipiga chafya ile nyuma ya mgongo wake. Ilitoka sawasawa, mpaka yeye mwenyewe akasema alhamdulillahi kabla hajakumbuka kwamba si yeye aliyepiga. Chuo kizima kikalala chini kwa kicheko. Maalim akageuka taratibu.

"Mrisho," akasema, "mikono yako imekaa bure, ndiyo maana mdomo unafanya kazi ya viungo vyote. Nenda kwa Sefu ukaoshe mbao."

Sefu ndiye aliyekuwa mwosha kabla yangu, jamaa mrefu ambaye sauti yake ilikuwa bado haijaamua kama ni ya mtoto au ya mzee. Alinitazama kuanzia miguu.

"Umewahi kuosha nini?"

"Uso."

"Sijaona dalili."

Basi hapo ndipo nilipoanza kufundishwa. Kwanza, majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Yachumwe asubuhi, yakinyauka hayaumi tena wino. Pili, sabuni mwiko. Sabuni inaulainisha ubao mpaka wino unateleza, na kesho mtoto anakuta alifu imelala chini kama mgonjwa. Udongo mweupe upakwe mwembamba, ukizidi unabanduka pamoja na somo. Wakati wa masika, jua likigoma, mbao zizungushiwe pasi ya mkaa ya Maalim, lakini zisiiguse. Mimi niliigusisha. Ubao wa Sudi, mwenzetu wa pale chuoni, una alama ya pasi mpaka leo, na Sudi anapenda kuwaambia wageni kwamba ni muhuri.

Lakini somo kubwa la Sefu lilikuwa la mahali pa kumwaga. Siku ya kwanza nilibeba beseni langu la maji meusi nikaelekea nalo njiani. Sefu akanishika kola.

"Ukimwaga hapa, nani atapita?"

"Watu."

"Na mbuzi. Na wewe ukitoka chooni. Maji haya yamebeba maneno ya Mungu, bwana mdogo. Yanamwagwa pale."

Pale ni kwenye shina la mpapai, ndani ya ua mdogo wa vijiti, mahali mguu haukanyagi. Mpapai wenyewe ukawa na sifa. Watu walisema umekunywa juzuu nyingi kuliko mtu yeyote wa Mpanda, na anayekula tunda lake anapata akili. Kina mama wa mgodini walituma watoto kuomba papai ukikaribia mtihani. Sefu ndiye aliyekula mengi kuliko wote, na darasa la tatu alilirudia. Hakuna aliyeuliza.

Sefu alipokwenda kuchukua kazi mgodini, beseni likabaki kwangu. Kesi ngumu zilikuwepo. Sudi alikuwa anasoma huku akila karanga za kukaanga, na ubao wenye mafuta ni kazi ya siku nzima, unausugua kwa mchanga mpaka mninga unalia. Kulikuwa na mtoto mwingine aliyekuwa akilia kila akipewa somo jipya, machozi yanachora mito juu ya aya, na mimi nikawa naosha maji kwa maji. Ilikuwa kazi nzuri. Mbao zikishaanikwa ukutani, nyeupe zote, jua la saa kumi likizipiga, nilikuwa nakaa chini ya mpapai nikijiona kama mzee wa mji.

Sasa nifike kwenye dua.

Kila jioni kabla hatujatawanyika tulisoma dua moja kwa pamoja. Allahumma inni audhu bika min ilmin la yanfau, tunaendelea hivyo mpaka mwisho. Maalim alitufasiria: Ewe Mola, najikinga kwako na elimu isiyonufaisha, na moyo usionyenyekea, na nafsi isiyoshiba, na dua isiyoitikiwa. Tukifika kwenye nafsi isiyoshiba, chuo kizima kilimtazama Sudi. Tukifika kwenye elimu isiyonufaisha, Maalim alinitazama mimi.

Alikuwa na sababu. Elimu yangu ilikuwa sauti za watu. Nikimsikia mtu mara mbili, ya tatu naye yuko mdomoni mwangu. Stesheni masta, anayezungumza kwa pua kana kwamba treni ni ya baba yake. Mwalimu Anatoli wa shule yetu ya darasa la nne, ambaye kila sentensi anaimalizia na "tumeelewana". Hawa wote nilikuwa nao tayari, na msikilizaji wangu mkuu alikuwa Petro. Petro ni Mbende kwa kabila, kwao Magamba, Mkatoliki, rafiki yangu wa dawati moja. Alasiri alikuwa ananisubiri nje ya ua wa Maalim mpaka nimalize mbao, na dua yetu aliijua kwa moyo kwa kuisikia tu, ila alikuwa anamalizia kwa ishara ya msalaba.

Na kulikuwa na sauti ya babu yangu.

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Wazazi wangu wanalima Mwese, mlimani, na kutoka kule kwenda shule ni safari ya kuaga. Kwa hiyo nililelewa na bibi yangu, Bi Tatu, upande wa Misunkumilo. Mimi nina jina la babu, na kama ilivyo kwetu, Bibi alikuwa ananiita mume wangu. Nikichelewesha kuni: mume gani wewe, unataka nipike kwa kucha? Nikiongeza ugali: mume wangu, utanirudisha kwetu mikono mitupu. Nami namjibu, mke wangu, vumilia. Wapita njia walikuwa wanacheka.

Babu mwenyewe alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake aliitundika porini, njia ya Mwese, na akienda huko anakaa mpaka unamsahau. Akirudi ananuka moshi na asali, na nyuki wachache wanamsindikiza. Kwa hiyo hakuwa anaingia nyumbani bila taarifa. Akifika kwenye kichuguu cha mwisho anakohoa mara mbili, halafu anaita kwa sauti ya kukwaruza, akiivuta mwishoni:

"Wenye nyumba, maji yapooo?"

Na Bibi jikoni: "Maji yapo. Wewe nani?"

"Ni nyuki wa miguu miwili."

Hapo beseni linatoka, Babu anaoga nyuma ya nyumba, ndipo anaingia kama binadamu. Alifariki kwa homa, nyumbani, nilipokuwa naingia darasa la nne.

Miezi ilipita. Siku moja Petro alikuja kwetu, tukamaliza stesheni masta, tukamaliza Mwalimu Anatoli, akasema, "Sasa mfanye mzee wa asali." Sikuwahi kumfanya. Nikasogea mpaka nyuma ya kihenge, nikakohoa mara mbili, nikaita.

Bibi alitoka jikoni na beseni la maji mikononi. Alitoka kwa haraka, kitenge kikimfunguka, kama zamani. Alifika katikati ya uwanja ndipo akaniona ni mimi. Akasimama kidogo. Maji akayamwaga palepale kwenye vumbi, akarudi ndani.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Jioni akanipakulia chakula, akasema, "Wewe mtoto, kula." Kuanzia hapo nikawa wewe mtoto. Kuni zikichelewa, wewe mtoto. Mume wangu ikafutika kama somo lililohifadhiwa.

Baada ya siku chache nikiwa nasugua ubao wa Sudi, nikamwona Bibi anaingia uani kwa Maalim, amejifunga kanga ya kutokea. Hakunitazama. Akakaa mkekani.

"Maalim, ile dua mnayosoma jioni nimeulizia maana yake. Huyu mtoto anayo elimu hiyo. Imemjaa mpaka inamwagika. Nataka umwandikie, ioshwe, anywe, imtoke."

Mjue kwetu si ajabu mgonjwa kunywa maji yaliyooshea aya. Huko pwani nasikia wanaandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe. Mpanda zafarani haijashuka kwenye treni bado, tunatumia ubao.

"Bi Tatu," Maalim akasema, "ile ni dua ya kuomba. Siyo ya kunywa."

"Na ile ya homa uliyoniandikia mwaka juzi?"

"Ile ilikuwa homa."

"Niliinywa nikapona. Homa inakaa tumboni, upuuzi unakaa kichwani, vyote si viko ndani ya mtu?"

Maalim akatazama paa, akatazama sindano aliyoichomeka kwenye kola. Mtu mwenye elimu kubwa, lakini kwa Bi Tatu alikuwa amekamatwa na dawa yake mwenyewe ya homa.

"Nitaandika," akasema. "Ijumaa baada ya swala."

"Anayeosha ni nani?"

"Ni huyohuyo."

Bibi akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza. "Basi aoshe vizuri," akasema.

Nilimweleza Petro njiani, nikicheka. Petro hakucheka. Alitembea hatua kadhaa akipiga mawe kwa kidole cha mguu.

"Hiyo dawa itatoa nini?"

"Isiyonufaisha."

"Yote?"

"Sasa dawa itoe nusu?"

"Mrisho," akasema, "ngano ya Kanada inanufaisha nini?"

Jumatatu baada ya Ijumaa ile kulikuwa na mtihani wa darasa la nne, ule unaochuja wa kwenda shule ya kati na wa kurudi shambani. Na kichwa changu kilikuwa kimejaa vitu alivyovipanda Mwalimu Anatoli ambavyo hakuna mtu wa Mpanda aliyewahi kuvihitaji. Kondoo wa Australia. Ngano ya Kanada. Treni mbili zinazotoka stesheni mbili kwa mwendo tofauti, wakati sisi tuna treni moja na reli inaishia hapahapa. Maji yale yakipanda kichwani mwangu yakaanza kuuliza kila kitu "wewe una faida gani", Jumatatu ningekaa mbele ya karatasi na jina langu tu, kama nalo lingebaki.

"Usinywe," Petro akasema.

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimelala siku zote zile katika nyumba ambayo mimi ni wewe mtoto. Kama Bibi aliona dawa ndiyo itatupatanisha, ningekunywa hata beseni lenyewe.

"Nakunywa," nikasema.

"Basi tuitafutie faida," Petro akasema. "Kila kitu. Kikiwa na faida, hakitoki."

Nawaambia nyie mnaoshika kazi, sikuwahi kusoma kama wiki ile na sidhani nitasoma tena. Hatukukariri kitu. Tulikitafutia kazi. Ngano ya Kanada ilikuwa rahisi: maandazi ya mama muuza chai wa stesheni, unga unatoka wapi? Tukayala ili kuhakikisha. Kondoo wa Australia tukawakuta kwenye duka anakoshona Maalim, wamekunjwa kwenye rafu wakiwa mablanketi. Sehemu, zile za nusu na robo, tukazipeleka kwa mjomba wake Petro aliyeleta migebuka mikavu kutoka Karema; tukamgawanyia samaki hao kwa wajomba wengine wote bila ugomvi, jambo ambalo alisema halijawahi kutokea katika ukoo. Eneo la mstatili tukalipima kwenye shamba la karanga la Bibi, kwa kamba, Bibi akituangalia kwa mbali kama watu wanaotaka kumwuza.

Treni mbili zilitusumbua. Mwishowe tukaenda kwa stesheni masta mwenyewe, tukamwuliza kwa adabu kuna faida gani kujua zitakutana wapi.

"Mkijua zitakutana wapi," akasema kwa pua, "mtajua wapi pa kutosimama."

Tukamshukuru. Ilikuwa faida kubwa kuliko zote.

Kitu kimoja kilitushinda: mto unaopita katika mji wa London. Tuliuzungusha kila upande. Tukamfuata Sefu akitoka mgodini, mweusi kwa vumbi la madini ya risasi kama ubao ambao haujaoshwa.

"Mnaweza kuoga humo?" akauliza.

"Uko Ulaya, kaka."

"Kuvua?"

"Hapana."

"Basi uacheni uende," akasema, akaenda zake.

Ijumaa ikafika. Maalim aliiandika dua ile kwenye ubao mpya, kwa herufi nzuri ambazo hakuwahi kumwandikia yeyote, polepole, akipuliza kila mstari. Bibi alikaa mkekani. Petro alikuwa nje ya ua, jicho moja kwenye tundu. Nikaletewa bakuli safi na maji ya kisima.

Nimeosha mbao nyingi. Sijawahi kuosha ubao ambao maji yake yalikuwa yananisubiri. Nilianza na mstari wa juu, elimu isiyonufaisha ikalainika, ikaingia bakulini kama moshi. Wazo la kuteleza nikamwagia mpapai lilinijia, sikatai, lakini Bibi alikuwa anatazama mikono yangu, na mikono ile ilifundishwa na Sefu isimwage ovyo. Mstari wa mwisho ulipotoka, ubao ukawa mtupu na bakuli likawa jeusi.

"Mimi nimeandika tu," Maalim akasema, akinishikisha bakuli. "Kuchagua cha kutoka siyo kazi yangu."

Nikasema bismillahi, nikanywa. Ladha yake ni masizi, mninga, na udongo kwa mbali. Si mbaya. Sudi aliuliza kama imebaki.

Bibi akanyanyuka. "Unasikiaje?"

"Nimeshiba maji."

"Hayo ni mwanzo," akasema, akatangulia nyumbani.

Nilijikagua njia nzima, Petro akiniuliza kama daktari. Kanada ipo? Ipo. Kondoo? Wapo. Robo ya samaki? Ipo. Stesheni masta? Nikabana pua, akatoka mzima. Chafya ya Maalim? Nzima, na mlango wake. Mto wa London?

Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Nilijua ni mto, nilijua una maji. Jina limekwenda.

"Inafanya kazi," Petro akanong'ona, akajipiga ishara ya msalaba.

"Na mzee wa asali?" akauliza baadaye kidogo.

Hiyo sikuijaribu. Kama imetoka, nimempoteza mtu. Kama ipo, Bibi atamwaga maji tena. Nikaiacha mahali ilipo, bila kujua kama ipo.

Jumatatu tukafanya mtihani. Kila swali lilikuja likiwa limebeba faida yake mgongoni, mimi na Petro tukawa tunatabasamu kwenye hesabu mpaka msimamizi akaja kutukagua mifukoni. Na mto nao ukaja, kama nilivyokuwa naogopa. Niliandika "Mto wa London." Mwalimu Anatoli aliniambia baadaye kwamba huo si uongo, lakini pia siyo jibu, tumeelewana.

Matokeo yalipokuja tulikuwa tumefaulu wote wawili, Petro kwenye shule ya kati ya misheni, mimi ya serikali, Tabora, ya bweni. Maalim aliposikia alifurahi akapiga chafya, na mimi, kwa furaha ileile, nikamrudishia.

"Hiyo haikutoka?" akauliza.

"Haikutoka, Maalim."

Akafikiri, akaendelea kuvuta uzi wake. "Basi labda ina kazi yake. Ngoja tuone."

Siku yangu ya mwisho kazini nilimkabidhi Juma beseni, udongo mweupe na rundo la msasa. Juma ni mdogo wake Sudi, kwa hiyo kula mapapai sikumfundisha. Nikaosha ubao mmoja wa mwisho, wa yule mtoto mwenye machozi. Ulikuwa mkavu. Alikuwa amehifadhi bila kulia, nami nikasikia kama nimepandishwa cheo.

Bibi alinisindikiza stesheni. Alikuwa amenifungashia mihogo, karanga, na chupa ya asali, ya mwisho kutoka kwenye mizinga ya Babu. Tulisimama kando ya behewa. Injini ilikuwa inapumua, stesheni masta anapita na saa yake mkononi, watu wanarushiana mizigo madirishani.

"Wewe mtoto," akasema.

"Naam, Bibi."

"Ile sauti ilikutoka?"

Nilijua anauliza ipi. "Sijui."

"Hujui vipi, na kichwa ni chako?"

"Sijaijaribu tena. Tangu siku ile."

Akafungua fundo la mzigo wangu, akalifunga upya, na lilikuwa limefungwa vizuri.

"Mimi nilikwenda kwa Maalim nina hasira," akasema. "Nikasema kwa nini mtoto achezee kitu changu. Sasa nyumba imekaa kimya. Juzi nikataka kuikumbuka ile sauti, vile alivyokuwa anaivuta pale mwisho. Ikanipotea. Nimekaa jikoni nikitafuta." Akanyanyua uso. "Kohoa."

"Hapa, Bibi? Watu wote hawa?"

"Kohoa, mtoto."

Sikuwa na hakika ya kitu chochote. Kwa mbali nilikuwa nasikia bado ladha ya masizi. Nikamgeuzia mgongo ili nisimwone uso. Nikakohoa mara mbili. Nikafungua mdomo nisijue atatoka nani.

"Wenye nyumba, maji yapooo?"

Alitoka yeye. Mzima, na mkwaruzo wake, na ule mvuto wa mwisho. Wabeba mizigo waligeuka. Stesheni masta alishusha saa. Halafu nyuma yangu nikasikia sauti ya jikoni kwetu pale pale kwenye jukwaa la treni:

"Maji yapo. Wewe nani?"

"Ni nyuki wa miguu miwili."

Nilipogeuka alikuwa anacheka na anafuta macho kwa ncha ya kanga, vyote kwa pamoja, bila haya ya mtu.

"Haya, panda, mume wangu," akasema. "Treni itakuacha, halafu nikulishe tena."

Nikapanda. Mpaka Kaliua nilikuwa na kichwa nje ya dirisha, nikijitafutia jina la ule mto wa London kwa ajili ya kupoteza muda. Sikulipata. Sijalipata hadi leo, na naomba asitokee mtu wa kuniambia.

Basi, Juma. Msasa uchume asubuhi. Sabuni usiiguse. Ua wa mpapai una tundu upande wa choo, kuku wanalijua kuliko wewe. Ubao wa Sudi uuanze mapema, ukijua ni wa kaka yako na utakuchukua siku. Na kazi moja zaidi nakuachia, ingawa si ya chuo. Siku treni ya likizo itakapokuja, ukiisikia tu inapiga honi kabla ya kona, kimbia Misunkumilo kwa Bi Tatu, chungulia jikoni uone kama beseni lina maji. Kama halina, lijaze. Usimwambie kitu. Nitaita mwenyewe.